Vumbi la Mwaka Mzima

Watu wa Kitale wananijua kwa mambo mawili: pete zangu hazivunjiki, na nikikasirika mdomo wangu haupumziki. Nikiwa sijakasirika, sisemi. Natanguliza hilo ili asije mtu akadai baadaye kwamba nilijisingizia upole.

Jina langu ni Cherop, ingawa sokoni wote wananiita Mama Kigen. Nina duka la vito karibu na soko, chumba kimoja chenye dirisha la kioo mbele na meza ya kazi nyuma. Natengeneza vitu vya fedha tu, ile ambayo wateja wanaiita silva: pete za harusi, herini, bangili, mikufu ya mabinti wanaomaliza shule. Dhahabu nawaachia wenye roho ngumu. Kazi nilifundishwa na fundi mmoja mzee ambaye katika miaka mitano niliyokaa kwake hakunieleza kitu hata kimoja. Alifanya, nikatazama. Nikikosea, alinigonga kidole kwa mpini wa tupa na kuendelea na yake. Nilitoka pale nimeiva, kwa hiyo nikaamini kwamba hivyo ndivyo fundi anavyopikwa. Anayetaka kujua atumie macho.

Kwa imani hiyo, katika mwaka mmoja nilipoteza wanagenzi wanne. Wa kwanza aliyeyusha herini za mteja. Wa pili alikuwa akisinzia na tupa mkononi. Wa tatu alitoka saa ya chai na hajarudi mpaka leo. Kikombe chake ninacho. Kosa la wa nne silikumbuki, ila nakumbuka nilipiga kelele mpaka mama wa mitumba wa duka la pili akapunguza redio yake ili asikie vizuri.

Na wakati huo nilihitaji mtu kuliko wakati mwingine wowote. Nusu ya wateja wangu hutoka Bungoma, na kwa miaka tisa nilikuwa nimeota duka la pili huko. Hatimaye nilipata chumba, mjini kabisa, mlango ukitazama barabara. Mwenye nyumba, Bwana Wepukhulu, ni mwalimu mstaafu, mpole sana, lakini mtu wa tarehe.

"Mama Kigen," aliniambia kwenye simu, "nitakuwekea hii nyumba mpaka mwezi wa nane. Ikifika mwezi wa tisa na hakuna fundi ndani, nitapea vijana wa kulekebisha simu. Wako tayali, bana."

Siwezi kukaa miji miwili. Bila mwanagenzi wa kumwachia duka moja, ndoto ya miaka tisa ingekwenda kwa watu wa simu. Mwezi wa nne nikabandika karatasi dirishani: Anatakiwa mwanagenzi, awe na mikono mitulivu.

Walikuja saba. Kila mmoja nilimkalisha kwenye kigoda, nikampa kipande cha waya wa shaba na koleo, nikamwambia, "Pinda pete." Baada ya hapo nilinyamaza na kutazama. Sita walipinda. Kulikuwa na pete za mayai, pete za pembe tatu, na moja ambayo ingemtosha ng'ombe puani. Wa saba alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili hivi, anaitwa Nekesa, ametoka Naitiri na viatu vilivyopigwa rangi vizuri. Aliuweka waya kwenye kiganja, akauliza, "Kidole cha nani, mama?"

"Chochote," nikasema.

"Si vidole haziko sawa? Naomba nipime chako."

Alichomoa uzi kwenye pindo la sweta yake, akanifunga kidole, akaupima waya kwa uzi ule. Pete aliyopinda iliingia bila kusukumwa na haikuzunguka. Nilikasirika kidogo, sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu sikuwa na la kukosoa.

"Njoo Jumatatu," nikamwambia.

"Saa ngapi, mama? Na nibebe nini? Na nitaanza na kazi gani?"

"Nekesa. Njoo tu."

Sasa lazima nieleze habari ya vumbi, kwa sababu ndilo lililotuingiza matatani. Ukipiga tupa kwenye fedha, unga unadondoka. Mwingi unaangukia kwenye ngozi niliyotandika magotini, lakini mwingine unaruka sakafuni na kujichanganya na nyuzi, nywele na udongo wa viatu vya wateja. Fundi haumwagi unga huo. Kila Jumamosi nafagia mwenyewe, polepole, na kutia kila kitu katika mkebe wa mafuta ya kupikia ulio chini ya meza. Mara moja kwa mwaka nauchoma, nauosha, nauyeyusha, na kupata donge la fedha. Mwezi ule wa nne mkebe ulikuwa na vumbi la karibu mwaka mzima, na donge lake nilikuwa nimeliwekea kazi: vito vya kwanza vya dirisha la Bungoma. Kwa macho ya mtu mwingine yeyote, ulikuwa mkebe wa takataka.

Jumatatu nilifika saa mbili kasoro nikakuta duka linang'aa. Sakafu ilikuwa imefagiliwa na kupigwa maji. Nyundo zangu zilikuwa zimepangwa kwa urefu, kuanzia ndogo, kama watoto wa shule. Nekesa alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameifunga kwa adabu, uso umejaa furaha. Kumbe alifika saa kumi na mbili na nusu. Ndung'u, muuza miche ambaye vitalu vyake viko mbele ya duka langu, huniwekea ufunguo wa akiba, na alipoona msichana mwenye heshima ameshika ufagio, akamfungulia.

Nisiseme uongo, alifanya kile ambacho msichana yeyote aliyelelewa pande hizi angefanya. Ukiwa mgeni katika boma la watu, jua lisikukute umelala na ufagio uko kwenye kona. Mama yake angemsifu. Mimi nilikuwa nautazama mkebe wangu. Ulikuwa dirishani, umeoshwa, umepinduliwa ukauke.

"Kilichokuwa ndani kiko wapi?"

"Ile takataka? Ilikuwa imejaa sana, mama. Huyu baba wa miche aliniuliza kama ni jivu. Nikampea."

Nilitoka nje. Ndung'u alikuwa akimwagilia maji, ana furaha zake.

"Mama Kigen, hilo jivu lako ni zuri ajabu, zito. Nimewekea avokado zote, kiduchu kiduchu kwenye shina. Wale wadudu wa kukata shina watanitambua."

"Avokado zote ni ngapi?"

"Mia moja. Lakini sitini zimeshaenda. Kuna mzee wa Endebess, Kipkemei, amezipakia kwa pikapu saa moja na nusu hii."

Niliyosema baada ya hapo siyaandiki. Mama wa mitumba hakupunguza redio, aliizima kabisa. Nekesa alisikiliza yote bila kulia na bila kujibu. Nilipovuta pumzi aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini.

"Kwani mama, uliniambia?"

"Huna macho?" nikasema. "Toka. Enda."

Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kigoda, akaenda.

Siku hiyo nilikaa katika duka safi kuliko yote Kitale na sikufanya kazi yoyote. Ndung'u, kwa aibu, alikwangua juu ya miche arobaini iliyobaki na kuniletea udongo katika bakuli. Alipoutua mezani alikuna kichwa.

"Mama Kigen, usinikasirikie. Mimi nimekaa mbele ya mlango wako miaka sita. Huo mkebe nauona kila siku ya Mungu. Hata mimi sikujua."

Neno hilo lilinichoma. Miaka sita, mtu mwenye macho mazuri kuliko yangu. Nilianza kuwafikiria wale wanne pia, na yule wa chai, na nikaona aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Namba ya Nekesa nilikuwa nayo kwenye simu. Niliitazama. Niliitazama tena jioni. Sikupiga, kwa sababu katika maisha yangu sijawahi kumpigia mtu niliyemfukuza, na nilidhani huo ni msimamo.

Jumanne akapiga Bwana Wepukhulu. "Umepata fundi?"

"Nimepata," nikasema, na Mungu anisamehe.

Jumatano, saa sita mchana, Nekesa aliingia. Vile viatu vyake havikuwa na rangi tena, vilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye kamba. Begani alibeba gunia dogo limefungwa kwa kamba ya katani. Alilitua chini taratibu, akasimama wima.

"Udongo wako ndio huu, mama. Miche sitini. Hakuna hata moja nimeruka."

"Ulifika Endebess?"

"Nilifika jana asubuhi. Nilikuta Mzee Kipkemei amepanda nusu. Nikamwomba ruhusa nikwangue juu tu, na kijiko, nisiguse mizizi. Alifikiria mimi nimechanganyikiwa. Lakini nilikuwa nimebeba jivu ya ukweli, nilichukua kwa mama wa chapati hapo soko. Nikitoa yako naweka yake. Kijiko kwa kijiko. Mvua ikaja, nikangoja ikatulia. Bibi yake, Mama Lorna, akaniambia nilale kwao, leo asubuhi nikamaliza."

"Na mzee alisema nini?"

Hapo alitabasamu kidogo. "Alisema ati angejua ni silva hangekubali. Alitaka kuona mti wa kuzaa bangili."

Nekesa aliitazama saa ya ukutani.

"Basi mama, mimi naenda. Kuna gari ya Naitiri saa nane. Nilikuwa nataka tu usiseme nilikuibia."

Akageuka. Nami nikagundua jambo la kutisha: maneno ya kumfukuza mtu ninayo mengi, mengine hata sijayatumia, lakini ya kumzuia mtu sina hata moja. Hakuna aliyenifundisha. Alifika mlangoni. Nje Ndung'u alikuwa ameacha kumwagilia, anatazama angani kana kwamba anapiga hesabu ya mawingu. Nilijua kabisa kwamba msichana huyu akivuka kizingiti, Bungoma imekwenda, na si Bungoma tu. Nitazeeka na kile kigoda kitupu mbele yangu.

"Nekesa," nikasema. "Nilikosa mimi. Sikukuambia."

Alisimama.

"Naomba ukae."

Alifikiri. Wallahi alifikiri muda mrefu, na nilistahili kila dakika.

"Mama, nikikaa nitauliza."

"Uliza."

"Nitauliza sana."

"Uliza, nimesema."

"Na usiponijibu?"

"Nisipojibu wewe ndiye utanifukuza mimi."

Alirudi, akaichukua aproni pale kwenye kigoda ilipokuwa tangu Jumatatu, akaikunjua. "Haya basi. Huu udongo, tunatoa silva aje?"

Wahenga husema maji yakimwagika hayazoleki. Vumbi huzoleka, ila kwa jasho. Tulitoa jiko la makaa nje, tukachoma udongo wote katika sufuria kuukuu ili nyuzi na majani yaishe. Nikamwambia kwa nini: kitu kinachoweza kuungua kikiungua, kinachobaki ni mawe na madini. Tukapitisha sumaku, nikamwambia kwa nini: tupa zangu nazo zinadondosha chuma, na sumaku hubeba chuma lakini fedha haiitaki. Kisha tukaleta karai na maji.

"Zungusha polepole," nikasema. "Fedha ni nzito, inakaa chini. Udongo ni mwepesi, unatoka na maji."

"Nikizungusha haraka?"

"Utamwaga vyote."

"Nikizungusha polepole sana?"

Nilifungua mdomo kumwambia aache upuuzi, nikakumbuka ahadi. "Sijui," nikasema. "Jaribu tuone." Alijaribu, tukaona. Ukizungusha polepole sana udongo unalala na fedha kitanda kimoja. Miaka thelathini na moja ya kazi, nilikuwa sijui hilo.

Kufika saa kumi sauti yangu ilikuwa imekauka kwa kuongea bila hasira, kitu ambacho sikuwahi kukifanya kutwa nzima. Mama wa mitumba alikuja na kigoda chake. Ndung'u aliacha wateja. Maji ya mwisho ya karai yalipomwagwa, chini kabisa, kwenye mkunjo, ulibaki mstari mwembamba wa kijivu unaometa. Nekesa aliuinamia mpaka pua ikakaribia maji.

"Ni yenyewe?"

"Ni yenyewe."

Tuliukausha, tukautia katika kikombe cha kuyeyushia pamoja na boraksi, ule unga mweupe unaosafisha fedha ikiyeyuka, na moto wa gesi nikamshikisha yeye. Ule unga ulinywea, ukawa vitone, vitone vikakimbiliana, na ghafla likawa donge moja linalozunguka na kung'aa. Nekesa aliangua kicheko cha mtoto, na mimi nikacheka, na Ndung'u akapiga makofi kama mtu ambaye hakuhusika kabisa na hasara. Donge lilikuwa dogo kuliko nilivyotarajia. Sehemu ilibaki Endebess kwenye mizizi ya Mzee Kipkemei, na namwombea parachichi nono.

Miezi iliyofuata nilifunzwa adabu. Kwa nini tunapasha waya kabla ya kuuvuta? Kwa nini pete ya mtu anayekamua ng'ombe inapimwa jioni? Kwa nini boraksi, si chumvi? Mengine nilijua, nikasema. Mengine mikono yangu ilijua na mimi sikujua, ikabidi niisimamishe mikono katikati ya kazi na kuitazama ili nipate jibu. Mwezi wa saba, baridi ya Kitale ikiwa imetukaza vidole, Nekesa alitengeneza pete mbili za harusi peke yake, kutoka waya mpaka kung'arishwa. Bibi harusi aliivaa yake, akaitazama, akasahau kuivua. Nilienda nyuma ya duka nikafuta machozi kwa kitambaa cha kung'arishia, nikatoka na uso mweusi.

Duka la Bungoma lilifunguliwa wiki ya mwisho ya mwezi wa nane. Bwana Wepukhulu alikuja na suti, akaomba sala ndefu iliyowataja mafundi wote wa Agano la Kale, kisha akanunua herini kwa mkewe. Nekesa alibaki pale na funguo, nami nikarudi Kitale. Kigoda changu hakikukaa kitupu. Karatasi ilirudi dirishani, na safari hii nilipowaambia watu wapinde pete, niliwaambia na kidole cha nani. Nimepata wawili. Wanauliza mpaka wakati wa chakula.

Mwezi wa kwanza Nekesa alinipigia akasema kazi imemzidi na yeye anataka mwanagenzi wake. Nikamwambia achague mwenyewe, sitaingilia. Lakini siku ya kuwachagua ilitokea nikawa na mawe ya kupachika kwenye pete ya kupeleka Bungoma, na ukweli ni kwamba nilitaka kuona. Nilikuta benchi nje ya duka limejaa vijana, mlango umerudishwa nusu, naye yuko ndani na mmoja wao. Sikutaka kumkatiza. Nikakaa mwisho wa benchi.

Kijana wa pembeni yangu, Ian kwa jina, alinisogelea. "Sasa mama. Na wewe umekuja intaviu?"

"Nimekuja," nikasema.

"Poa. Si kazi haina umri." Akapunguza sauti. "Nimeskia fundi wa hapa hana maringo, bana. Ati anakueleza kila kitu, hakuna swali anakataa. Ni ukweli ama ni stori za mtaa?"

Mlango ulikuwa wazi kiasi, sauti ya Nekesa ikatufikia. Haikuwa na haraka. Alikuwa akimweleza mtu jambo, na yule mtu akauliza tena lile lile, naye akaanza upya tangu mwanzo.

"Ni ukweli," nikamwambia Ian. "Mimi nilikuwa na miaka hamsini na saba, na ndiye aliyenifundisha kuongea na watu."

Alicheka akidhani ni utani, akasogea ili nikae vizuri, tukangoja zamu yetu.